Kaa mfalme wa bei ya jumla: mambo ya kuuliza kabla ya kulipa arubuni

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayesimamia ununuzi wa jikoni katika mgahawa wa vyakula vya bahari hapa Dubai. Mwenye mgahawa anataka tuwe na kaa mfalme, yule kaa mkubwa wa bahari za baridi anayeitwa king crab kwa Kiingereza, kuanzia Desemba. Nimeona mtandaoni kampuni ya jumla inayosema ina kaa mfalme waliovuliwa baharini, walio hai na waliogandishwa, mwaka mzima, kwa bei iliyo karibu nusu ya ile ninayotajiwa na wauzaji wa hapa. Wanataka arubuni ya asilimia 40 kabla ya kusafirisha. Je, ninunue walio hai au waliogandishwa, na nitajuaje kwamba mzigo ni wa kweli?

Jibu: Dada yangu, ninaanza na sehemu ya pili ya swali lako kwa sababu ndiyo yenye haraka: usiitume arubuni hiyo mpaka uwe umejibiwa kwa maandishi, na majibu hayo yawe yamethibitishwa na mtu asiye muuzaji mwenyewe. Sijaiona kampuni unayoizungumzia na siwezi kuihukumu, lakini maelezo uliyonukuu yana dalili ambazo mnunuzi yeyote wa mazao ya bahari anapaswa kuzichukulia kwa uzito mkubwa.

Dalili ya kwanza ni yale maneno "waliovuliwa baharini". Kwa kamba au samaki wa aina ya salmoni maneno hayo yana maana, kwa kuwa wako wa kufugwa na wako wa kuvuliwa, na bei na ladha zao hutofautiana. Kwa kaa mfalme hayana uzito wowote. Hakuna ufugaji wa kibiashara wa kaa huyu popote duniani, kwani huchukua miaka mingi kufikia ukubwa wa kuuzwa, na majaribio ya kuangua vifaranga vyake huko Alaska yalikusudia kurudisha idadi yake baharini wala si kumpeleka sokoni. Kaa mfalme yeyote uliyewahi kumwona mezani alitoka kwenye dema lililozamishwa katika bahari ya baridi. Muuzaji anayelitaja hilo kama sifa ya pekee hajakuambia kitu. Anachopaswa kukuambia ni kaa huyo ni wa jamii gani, alivuliwa katika bahari ipi, mwezi gani, na aliandaliwa katika kiwanda chenye namba gani ya usajili.

Jina "kaa mfalme" linabeba jamii kadhaa zenye thamani tofauti. Ghali kuliko wote kwa kawaida ni kaa mfalme mwekundu, Paralithodes camtschaticus, ambaye asili yake ni Bahari ya Bering, Bahari ya Okhotsk na maji ya Kamchatka. Yuko pia wa buluu, Paralithodes platypus, ambaye nyama yake hukaribiana na ya mwekundu, na yuko wa rangi ya dhahabu, Lithodes aequispinus, anayeishi kwenye vina virefu zaidi na ambaye kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini. Kusini mwa Chile na Argentina, kuanzia Punta Arenas hadi Ushuaia, huvuliwa Lithodes santolla, ambaye ni mdogo kuliko mwekundu wa kaskazini lakini ni chakula kizuri kabisa. Tatizo si kununua huyu au yule, bali ni kulipa bei ya mwekundu ukaletewa wa dhahabu, au kuletewa Paralomis granulosa, kaa mdogo wa kusini ambaye hana thamani hiyo. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba jina la kisayansi liandikwe kwenye ankara ya awali, kwenye cheti cha afya na kwenye boksi, na yote matatu yakubaliane.

Sasa hivi kaa mwekundu anapatikana wapi? Katika Ghuba ya Bristol, Alaska, msimu hufunguliwa tarehe 15 Oktoba, wanaoruhusiwa kuchukuliwa ni madume tu wenye gamba lisilopungua inchi 6.5 kwa upana, yaani sentimita 16.5, na uvuvi wenyewe ulifungwa kabisa katika misimu ya 2021/22 na 2022/23 kwa sababu idadi ya majike ilishuka mno. Ulipofunguliwa tena mwaka 2023 mgao, yaani kiasi kinachoruhusiwa kuvuliwa, ulikuwa mdogo, takriban pauni milioni 2.15, ambazo hazifiki tani 1,000. Urusi ndiyo yenye kaa wengi zaidi, lakini Marekani ilipiga marufuku mazao ya bahari ya Urusi mwezi Machi 2022, na mwezi Desemba 2023 ikaongeza hata yale yaliyosindikwa katika nchi ya tatu, kaa wakiwemo. Sehemu kubwa ya kaa wa Urusi sasa huelekea China na Korea Kusini. Marufuku ya Marekani haiufungi mgahawa wa Dubai, lakini kama mgahawa wenu ni wa kundi la hoteli lenye makao yake Marekani au Ulaya, muulize mwenye mgahawa mapema kama sera yao inaruhusu, maana mzigo ukishafika ndipo watu wa fedha wanapoanza kuuliza maswali.

Chanzo cha tatu, nacho ndicho ninachokushauri ukitazame kwanza, ni Norway. Huko kaa mfalme ni mgeni: wanasayansi wa Kisovieti waliwahamisha kutoka mashariki ya mbali na kuwaachia katika Bahari ya Barents miaka ya 1960, wakazaliana na kuvuka mpaka hadi kaskazini kabisa mwa Norway, karibu na Kirkenes na kwenye hori ya Varanger. Serikali ya nchi hiyo huendesha uvuvi wa mgao mashariki mwa longitudo 26, ambako jamii za wavuvi zimejenga maisha yao juu yake, na upande wa magharibi huruhusu kaa avuliwe bila mgao ili asienee zaidi. Ni hali ya pekee katika biashara ya bahari, na kwa mnunuzi anayejali uhai wa viumbe ni jambo la kutuliza moyo. Kubwa zaidi kwako ni kwamba Norway ina biashara iliyokomaa ya kusafirisha kaa hai kwa ndege, na ina rejesta za umma unazoweza kuzifungua mwenyewe.

Kutokana na hayo utaona kwa nini bei ya nusu hainiingii akilini. Bidhaa hii inabanwa na mgao wa serikali, na mwenye kaa halali ana wanunuzi wa Seoul, Shanghai na Ulaya wanaomngojea. Hana sababu ya kumuuzia mtu asiyemjua kwa nusu ya bei ya soko. Punguzo la asilimia 10 linaweza kuelezwa kwa miguu midogo, kwa mzigo wa msimu uliopita au kwa nyama isiyojaa, lakini punguzo la nusu huelezwa na mambo mawili tu: ama bidhaa si ile iliyotajwa, ama haipo kabisa. Vilevile kampuni moja kudai ina kaa hai na waliogandishwa kwa wingi mwaka mzima, bila kutaja bandari, ni jambo lisilolingana na namna biashara hii inavyokwenda. Anayeuza kaa hai lazima awe na matangi ya maji ya bahari yenye baridi karibu na mahali pa kuvulia au karibu na uwanja wa ndege, na mtu mwenye matangi hayo huyaonyesha kwa fahari.

Kwa hiyo mwandikie muuzaji, umwombe jina la kisayansi, eneo la uvuvi, mwezi wa kuvuliwa, na namba ya idhini ya kiwanda. Namba hiyo huchapishwa kwenye kila boksi linalotoka Norway au Umoja wa Ulaya, ndani ya alama ya duara lililobinywa, na orodha za viwanda vilivyoidhinishwa ziko wazi kwa umma. Ukipewa namba, itafute wewe mwenyewe kwenye orodha ya Mattilsynet, mamlaka ya chakula ya Norway, kisha chukua mawasiliano ya kiwanda kutoka chanzo kingine, usitumie simu uliyopewa na muuzaji, na uwaulize kama wanamfahamu mtu huyo na kama ana haki ya kuuza mzigo wao. Hatua hii huwashinda matapeli wengi, kwa sababu wanajua kunakili cheti cha kiwanda halisi lakini hawawezi kukifanya kiwanda hicho kiwakubali. Jina la kampuni pia linaweza kutazamwa bure katika Brønnøysundregistrene, rejesta ya makampuni ya nchi hiyo. Angalia vilevile akaunti ya benki: ikiwa kampuni inasema iko Norway lakini fedha zinatakiwa zipelekwe katika nchi nyingine, au kwa jina la mtu binafsi, mazungumzo yaishie hapo.

Kuna dalili nyingine iliyo mbele ya macho. Kaa mfalme mwekundu akiwa hai si mwekundu wa kung'aa. Ana rangi iliyokolea, nyekundu inayoelekea zambarau au kahawia, na tumbo lililopauka. Ule wekundu wa moto unaoonekana kwenye matangazo huja baada ya kupikwa. Tangazo linaloweka picha ya kaa mwekundu wa kung'aa na kumwita hai limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumshika. Hesabu na miguu pia: kaa mfalme huonyesha jozi tatu za miguu ya kutembelea pamoja na magando mawili, kwa kuwa jozi yake ya mwisho ni ndogo sana na imefichwa chini ya gamba karibu na matamvua. Kaa wa kawaida, akiwemo kaa wa mikoko tunayemjua pwani yetu na kaa theluji anayeuzwa kwa bei nafuu zaidi, ana jozi nne. Kati ya wafalme wenyewe, tazama katikati ya mgongo: mwekundu ana miiba sita, yaani jozi tatu, na wa buluu ana minne. Alama hii ya mgongoni hukusaidia kwa kaa mzima tu. Ukinunua miguu mitupu utaitegemea karatasi, na ndiyo sababu ninaipa karatasi uzito wote huo.

Nije sasa kwenye uamuzi wako wa walio hai au waliogandishwa. Kwa mgahawa usio na tangi la maji ya bahari lenye mtambo wa kupooza, jibu langu ni waliogandishwa, na hai uwaagize kwa shughuli maalumu tu, wapikwe siku ileile wanayofika.

Kaa hai husafirishwa bila maji, ndani ya boksi la povu lenye vifuko vya barafu na kifuniko chenye unyevu wa maji ya bahari. Akiwa baridi hupunguza mwendo wa mwili wake, matamvua yakabaki na unyevu, naye anaweza kuvumilia safari ya takriban siku moja na nusu. Tatizo ni kwamba muda huo huanza kuhesabiwa anapotolewa kwenye tangi kaskazini mwa Norway, si ndege inapoondoka Oslo, na kila saa ambayo boksi linakaa kwenye uwanja wa ndege katika joto la Ghuba hula sehemu ya uhai wake. Desemba ni afadhali kuliko Agosti, lakini ukaguzi wa chakula unaofanywa na Manispaa ya Dubai hauepukiki, kwa hiyo nyaraka zikichelewa hata kidogo wewe ndiye unayepoteza. Wakala wako wa forodha awe amepokea nakala za cheti cha afya, cheti cha asili na hati ya mzigo wa ndege kabla ndege haijaruka.

Akifika, mtoe boksini na umwinue kwa mwili wake, usimshike kwa miguu. Kaa mwenye nguvu hukaza miguu na kuitikisa, macho na viungo vya mdomoni vikicheza. Aliyechoka huiacha ining'inie. Tazama viungo kama vinavuja, kwani aliyejeruhiwa hupoteza damu, na damu yake haina wekundu, hivyo usipoangalia kwa makini utadhani ni maji tu. Bonyeza sehemu nene ya mguu: ikibonyea kwa urahisi, kaa huyo amejivua gamba karibuni na ndani yake utakuta maji mengi na nyama kidogo. Wanunuzi wageni hupenda kaa mwenye gamba safi linalong'aa, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa gamba lenye mikwaruzo na viumbe vidogo vigumu vilivyojibandika juu yake huonyesha kwamba kaa amekaa nalo muda mrefu na mwili wake umelijaza. Kujivua gamba hutokea zaidi mwishoni mwa majira ya baridi na wakati wa kuchipua, ndiyo maana nyama ya miezi ya vuli na mwanzo wa baridi huaminika zaidi, na Desemba yenu inaangukia mahali pazuri.

Kama mtamweka tangini, maji yawe ya bahari yenye chumvi kamili na baridi isiyozidi nyuzi 5 au 6 za selsiasi. Msimwagie maji ya bomba wala kumlaza juu ya barafu inayoyeyuka, kwa sababu mwili wake hauwezi kujikinga na maji matamu, naye atakufa mbele yenu. Aliyekufa bila kujulikana ni lini asipikwe. Vimeng'enya vilivyo katika ini lake huanza kuiyeyusha nyama mara moja na bakteria huongezeka upesi, na hakuna hesabu ya hasara inayohalalisha kumpa mgeni chakula hicho. Weka hasara hiyo kwenye bei tangu mwanzo: katika mkataba iandikwe wazi ni asilimia ngapi ya vifo unaivumilia, ndani ya saa ngapi utatuma picha, na kwamba uzito unaolipiwa ni ule wa kupokelewa, kwa kuwa kaa hupoteza maji na uzito njiani hata asipokufa. Kumbuka pia kwamba unalipia gamba la mgongo na matumbo, ambavyo havifiki mezani. Katika kilo 100 za kaa hai, mafungu ya miguu huwa takriban kilo 60, na hapo bado hujaondoa maganda ya miguu yenyewe.

Waliogandishwa huja kwa mafungu, kila fungu likiwa na miguu mitatu na gando moja vilivyoshikana kwenye bega, na mara nyingi wamekwisha kupikwa karibu na mahali walipovuliwa kabla ya kugandishwa. Hilo ni jambo zuri, kwani kaa aliyepikwa akiwa hai na kugandishwa haraka huko kaskazini anaweza kumshinda kwa ubora kaa hai aliyefika hapa akiwa hoi. Ukubwa hutajwa kwa namna mbili. Wamarekani huhesabu miguu katika pauni 10, yaani kilo 4.5 hivi, kwa hiyo 9/12 maana yake ni miguu 9 hadi 12, kila mmoja kati ya gramu 380 na 500, ilhali 20/24 ni miguu ya gramu 200 hivi. Wengine hutaja uzito wa fungu zima kwa gramu. Ukilinganisha bei za wauzaji wawili bila kulinganisha ukubwa, hujalinganisha kitu.

Jambo linaloumiza wanunuzi wengi katika bidhaa iliyogandishwa ni koti la barafu. Tabaka jembamba la barafu ni la lazima, kwa kuwa huizuia nyama isikauke na kuungua kwa baridi, lakini lisiuzwe kwa bei ya kaa. Tuseme boksi limeandikwa kilo 10 kwa dirhamu 200 kwa kilo, nawe unalipa 2,000. Kama asilimia 20 ya uzito huo ni barafu, umepata kilo 8 za kaa, na bei yako halisi ni dirhamu 250 kwa kilo. Taka bei ya uzito halisi usio na barafu, na uupime mwenyewe: suuza fungu kwa maji baridi mpaka koti liondoke, likaushe juu kwa kitambaa, kisha lipime kabla nyama haijaanza kulainika.

Kabla ya agizo kubwa nunua boksi moja, hata kwa bei ya rejareja, kutoka kwa msambazaji aliyeko hapo Dubai mwenye chumba cha baridi unachoweza kukitembelea. Liyeyushe ndani ya friji kwa siku nzima, usitumie maji ya moto, kisha kata sehemu nene ya mguu kwa upana. Nyama inapaswa kulijaza ganda karibu lote, na wauzaji makini hutaja ujazo wa asilimia 80 au zaidi. Iwe nyeupe yenye ngozi nyekundu, yenye nyuzi zinazotengana bila kuwa uji. Sehemu zilizokauka na kuwa nyeupe kama chaki au za njano zinaonyesha ukaaji wa muda mrefu au baridi iliyokatika, na viungo vilivyoingia weusi vinaonyesha kaa alicheleweshwa kabla ya kupikwa. Onja kabla ya kutia chochote, kwa kuwa waliogandishwa ndani ya maji ya chumvi wakati mwingine huja na chumvi ambayo hakuna siagi wala ndimu itakayoificha.

Kuhusu malipo, kwa mzigo wa kontena tumieni hati ya malipo ya benki, ambayo hutoa fedha pale tu nyaraka zilizokubaliwa zinapokamilika, na mtake ripoti ya mkaguzi huru aliyefungua maboksi kabla ya kupakiwa pamoja na rekodi ya joto inayoonyesha kwamba halikupanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri njiani. Muuzaji halali wa kaa hai anaweza kweli kudai malipo yote mapema kwa mteja mpya, na hilo peke yake si dalili ya utapeli. Ndiyo maana agizo la kwanza liwe la maboksi machache ambayo mgahawa unaweza kuyapoteza bila kuyumba. Kwa Desemba hii, ningenunua mafungu yaliyogandishwa ya kaa mwekundu wa Norway kutoka kwa msambazaji wa hapo Dubai, ningeagiza kaa hai wachache kwa usiku mmoja uliokwisha kuhifadhiwa na wageni, na kampuni ile ya bei ya nusu ningeiandikia barua moja tu ya kuomba namba ya kiwanda.